Hapo Nani Anapita? Nilivyozoea Kusoma Mechi za Mtoano kwa Ubao na Chaki

Mechi ya marudiano ikishavuka saa moja ya mchezo, banda zima la kutazamia mpira huwa na swali moja tu: "Hapo nani anapita?" Habari za nani anamiliki mpira au winga gani amechoka zinawekwa kando. Kwa misimu kadhaa sasa, wa kulijibu swali hilo kwenye banda umiza la mtaani kwetu nimekuwa mimi, nikiwa na ubao mdogo ulioegeshwa chini ya runinga na kipande cha chaki mfukoni. Sina cheti cha ukocha na mpira wenyewe niliuacha shuleni. Nilichonacho ni uvumilivu wa hesabu za kujumlisha wakati wenzangu wanapiga kelele.

Chanzo ni fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Yanga walifungwa 2-1 na USM Alger hapa Dar es Salaam tarehe 28 Mei, wakaenda Algiers kurudiana tarehe 3 Juni. Mapema kabisa Yanga wakapata penalti, Djuma Shaban akaiweka kambani. Banda likazizima. Watu wakakumbatiana: jumla mbili mbili, tumesawazisha, likiisha hivi tunaenda matuta, tunapigiana penalti!

Nikasema, tena kwa sauti ya chini, kwamba likiisha hivi kombe linabaki Algiers. Wale wamefunga mawili kwetu, sisi tumefunga moja kwao. Kijana mmoja akanigeukia: "Kaka, wewe ni mtani au?" Yaani shabiki wa Simba, wapinzani wa jadi wa Yanga. Nikamwambia hapana, ni kanuni ya bao la ugenini: jumla ikilingana, anapita aliyefunga mengi zaidi ugenini. Hakunielewa, na kwa kelele zile nisingemlaumu. Mechi ikaisha 1-0, USM Alger wakanyanyua kombe kwa jumla ya 2-2, na nusu ya banda walibaki wamekaa wakisubiri penalti ambazo hazikuwepo. Mwenye banda aliniita baadaye akasema, "Msimu ujao njoo na hayo mahesabu yako, ila yaandike. Kwa mdomo utapigwa."

Nikayaandika. Mwanzoni nilitaka kuandika kila matokeo yanayowezekana na maana yake, ubao ukajaa kama daftari la duka na hakuna aliyeusoma. Nikafuta. Niliobaki nao, na ambao natumia hadi leo, una mistari mitatu tu: LIKIISHA HIVI, TUKIFUNGA, WAKIFUNGA. Basi. Mtazamaji hahitaji kujua itakuwaje kwa 4-3. Anachotaka kujua ni bao lijalo litafanya nini, kwa sababu ndilo analoliombea au kuliogopa.

Tuchukue ile ya Algiers. Yanga wanaongoza 1-0. Likiisha hivi: USM bingwa. Tukifunga: inakuwa 2-0, jumla 3-2, Yanga bingwa. Wakifunga: 1-1, na hapo panahitaji utulivu. Yanga wakipata 2-1, jumla ni 3-3 na kila timu ina mawili ya ugenini, kwa hiyo ngoma inalala sawasawa. Wakipata 3-2, jumla 4-4, lakini ya ugenini ya Yanga ni matatu, wanapita. Ukiyaona yameandikwa unaelewa kwa nini kocha aliyefungwa nyumbani 2-1 hapaswi kuogopa kushambulia kule: kila bao lake lina uzito ambao la mwenyeji halina.

Kazi kubwa huwa naifanya siku kati ya mkondo wa kwanza na wa pili, nikiwa peke yangu na karatasi. Ndipo nilipogundua mambo ambayo maneno ya kijiweni huyapindua. Kijiweni, ushindi wa 2-1 nyumbani unasifiwa kuliko wa 1-0 kwa sababu tumefunga mawili. Kwenye karatasi, 1-0 ni bora. Ukienda kule na 2-1 ukafungwa bao moja tu, umetoka. Ukienda na 1-0 ukafungwa moja, unakwenda kwenye matuta. Na ukitangulia wewe kufunga kule, mwenyeji anatakiwa apate matatu. Vivyo hivyo suluhu ya nyumbani. Watu hutoka uwanjani wameinamisha vichwa, kumbe 0-0 ni salama kuliko 1-1, maana ukishatoka 0-0 sare yoyote ya mabao kule inakupitisha.

Simba wameiishi hiyo 1-0 mara mbili kwa namna inayofanana hadi inachosha. Robo fainali ya Shirikisho 2022 waliwafunga Orlando Pirates 1-0 kwa Mkapa, yaani uwanja wa Benjamin Mkapa hapa Dar, wakafungwa 1-0 Soweto, wakatoka kwa penalti 4-3. Mwaka uliofuata, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakawafunga Wydad 1-0 kwa Mkapa, wakafungwa 1-0 Casablanca, wakatoka kwa penalti 4-3. Namba zilezile. Ile ya Wydad tuliitazama kabla sijapewa ubao, lakini nilikuwa nimeshaanza kuandika kwenye kiganja: tukifunga, Wydad wanahitaji mawili mengine. Halikupatikana.

Hakuna dakika thelathini za ziada kwenye robo na nusu fainali za CAF, shirikisho la soka Afrika. Mambo yakilingana kwa kila kitu, dakika tisini zikiisha ni penalti moja kwa moja. Nalirudia hili kila msimu kwa sababu wazoefu wa mpira wa Ulaya hukaa wakingoja nyongeza. Haohao ndio hubisha kwamba bao la ugenini lilishafutwa. Lilifutwa na UEFA mwaka 2021. Huku kwetu lipo.

Mtihani wangu mkubwa ulikuja usiku wa tarehe 5 Aprili 2024. Simba na Yanga wote walikuwa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, wote walimaliza nafasi ya pili kwenye makundi yao, na anayemaliza wa pili huanzia nyumbani. Kwa hiyo wote walimalizia ugenini, usiku mmoja: Simba Cairo kwa Al Ahly, Yanga Pretoria kwa Mamelodi Sundowns. Nikagawa ubao kwa mstari wa wima. Mashabiki nao wakajigawa, wekundu huku, kijani na njano kule, kila upande ukiombea wake na kumwombea mwenzake mabaya, kama ilivyo ada ya watani.

Upande wa Simba, walishafungwa 1-0 nyumbani. Bao moja Cairo lingewapeleka kwenye matuta, mawili bila majibu yangewapitisha. Hapo kila mtu alinielewa. Kilichowachanganya ni mstari wa tatu. Niliandika: WAKIFUNGA, bado tunahitaji mawili. Mzee mmoja akavua miwani. "Mwanangu, tulikuwa tunahitaji mawili, wakifunga inakuwaje yabaki mawili?" Nikamweleza: Ahly akifunga Simba wakashinda 2-1, jumla ni 2-2, Simba ana mawili ya ugenini na Ahly ana moja alilolipata Dar. Bao la Ahly linachoondoa ni ile nafasi ya matuta tu. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akasema "ala!" Ahly walifunga mawili na hesabu zote zikafa, lakini yule mzee tangu siku ile hukaa karibu na ubao.

Upande wa Yanga hesabu ilikuwa laini: 0-0 Dar, kwa hiyo bao moja tu Pretoria lingewaweka Sundowns kwenye shida ya kutafuta mawili. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti, likagonga mwamba likadunda chini. Kwa macho yetu lilivuka mstari. "Andika! Andika bwana!" Chaki nilikuwa nimeishika lakini sikuandika. Hiyo ndiyo kanuni pekee niliyojiwekea ambayo haina uhusiano na hesabu: siandiki mpaka mwamuzi aelekeze kati. Tangu VAR ije, ile ya mwamuzi kurejea picha za video, ubao unaoandika haraka unakuwa ubao wa uongo. Mwamuzi hakuelekeza kati. Ikaisha 0-0, Sundowns wakapita kwa penalti 3-2, na lile shuti linabishaniwa mpaka kesho.

Yule mzee wa miwani ndiye aliyenifundisha kitu ambacho sikuwa nimekiona. Huwa anapenda kusimulia mwaka 1979, Simba walipofungwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers, kisha wakaenda Zambia wakashinda 5-0. Vijana huchoka naye kwa sababu wana mfano wao wa karibu, Kaizer Chiefs 2021: Simba walipigwa 4-0 Johannesburg, wakarudi kwa Mkapa wakashinda 3-0, wakabakiza bao moja tu kuzilazimisha penalti. Siku moja wakabishana ni mlima upi ulikuwa mrefu. Vijana wakasema ni uleule, nne ni nne, na wa Zambia ulikuwa mbaya zaidi kwa kuwa ni ugenini.

Nikauvuta ubao. Kwa uzito wa uwanja, kweli kushinda 5-0 Zambia ni maajabu. Kwa kanuni ya leo, lakini, milima hiyo si sawa. Chukulia Mufulira wangepata bao moja kule kwao, ikawa 5-1. Jumla 5-5, Simba ana matano ya ugenini, Mufulira ana manne. Simba anapita. Sasa chukulia Kaizer wangepata moja kwa Mkapa, ikawa 5-1. Jumla 5-5, Kaizer ana moja la ugenini, Simba hana kitu. Simba nje, anatakiwa apate la sita. Mabao manne yaleyale, ila ukifungwa kwako unabakiza nafasi ya kuyajibu kwao kwa bei nzuri. Mzee alifurahi kana kwamba nimemtetea yeye binafsi.

Ndiyo maana wanaposema "kwa Mkapa hatoki mtu" mimi huuliza: kwa mkondo wa kwanza au wa pili? Kumalizia nyumbani ni raha ya mashabiki, lakini ukiwa umefungwa kule bila kupata bao, kila shambulizi la mgeni ni kisu. Aprili 2025, robo fainali ya Shirikisho, tuliiona hiyo dhidi ya Al Masry. Simba walikuwa wamelala 2-0 Misri, kwa Mkapa wakaenda mapumziko wakiongoza 2-0 kwa mabao ya Elie Mpanzu na Steven Mukwala. Meza imepinduliwa nusu. Banda lilitaka la tatu haraka. Mimi nikauandika mstari wa WAKIFUNGA kwa herufi kubwa kuliko mingine: tutahitaji mawili zaidi. 3-1 ingewatoa Simba, wangelazimika kupata 4-1. Kuna walionikasirikia, wakasema naleta nuksi. Ikabaki 2-0, ikaenda matuta, Moussa Camara akafanya kazi yake na Simba wakapita 4-1.

Kwenye matuta ubao naugeuza. Hakuna cha kukokotoa pale, na watu hawataki kumsikia mtu wa hesabu.

Fainali ya mwaka huo ilikuwa na RS Berkane. Simba walifungwa 2-0 Morocco, marudiano yakapigwa Zanzibar, uwanja wa Amaan, tarehe 25 Mei. Joshua Mutale akafunga kipindi cha kwanza. Likiisha hivi, Berkane. Tukifunga, sawa kwa sawa. Wakifunga: tutahitaji 4-1. Hilo la mwisho mwenye banda aliniomba nilifute, biashara inaharibika, watu wanaanza kuondoka. Tulibishana kwa kunong'ona nikaliacha. Berkane wakasawazisha dakika za mwisho kabisa na hapakuwa na aliyeuliza swali lolote, wote walishajua.

Nikiulizwa kama ningependa CAF nao waifute kanuni hii, nasema wasiifute. Aprili hiyohiyo ya 2025, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Al Ahly walikuwa wanaongoza 1-0 Cairo baada ya suluhu Pretoria, na walikuwa wanaelekea fainali. Dakika ya 90 beki wao Yasser Ibrahim akajifunga, na Sundowns, waliokuwa nje, wakawa ndani kwa 1-1. Hakukuwa na timu ya kwetu pale, nilikuja bila ubao kabisa. Mpira ulipogusa nyavu, nyuma yangu kijana akapaza sauti, "Hao wamepita, labda Ahly apate lingine!" Alikuwa yuleyule aliyeniuliza kama mimi ni mtani.