Gunia, stakabadhi na mti wa alama: kazi ya William Cronon

Faili la mfanyabiashara aliyefilisika halivutii macho. Lina ombi lililopelekwa mahakamani, orodha ya mali, na orodha ya wadai. Hiyo orodha ya mwisho ndiyo yenye utajiri, maana kila mstari unataja jina la mdai, mji wake na kiasi anachodai. William Cronon, mwanahistoria wa mazingira wa Marekani, alichukua mafaili ya namna hiyo ya miaka ya 1870, wakati Marekani ikitumia sheria yake ya ufilisi ya mwaka 1867, akajumlisha madeni mji kwa mji, kisha akayachora kwenye ramani. Ramani zilionyesha wadai wa Chicago wamefika hadi kwenye maduka madogo ya majimbo ya mbali, huku eneo la St. Louis, mji ulioshindana nayo kibiashara, likiwa finyu zaidi. Magazeti ya wakati ule yasingekwambia hivyo, kwani kila mji ulikuwa ukijipigia debe.

Nimeanza na faili hilo kwa sababu watu wakitaja kazi ya Cronon hutaja tuzo kwanza. Mimi naona kazi yote ilisimama juu ya karatasi ambazo wengine waliziona hazina maana, na juu ya kujua kila karatasi inadanganya wapi. Hata hilo faili lina kasoro yake: waliofilisika si mfano wa wafanyabiashara wote. Litakuonyesha mkopo ulitoka wapi. Nani alikuwa tajiri, halitakuonyesha.

Cronon alizaliwa mwaka 1954, akakulia Madison, Wisconsin, akachukua shahada ya kwanza pale pale mwaka 1976. Akaenda Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, kisha Yale. Kitabu chake cha kwanza, Changes in the Land, kilitoka mwaka 1983 na asili yake ni insha ya darasani. Kinaeleza jinsi ardhi ya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ilivyobadilika tangu walipofika walowezi Waingereza hadi mwaka 1800. Kwa anayetaka kujifunza ufundi huu, ningesema aanze na sura za vyanzo, pale anapopima ushahidi mmoja mmoja.

Chukua miti ya alama. Mpima ardhi wa kikoloni alipofika kwenye kona ya kiwanja aliutia alama mti uliokuwa karibu, akaandika aina yake: mwaloni, msonobari, na kadhalika. Ukikusanya madaftari ya wapima wa eneo moja ukahesabu miti hiyo, unapata picha ya msitu kabla haujafyekwa. Lakini mpima hakuchagua mti kwa kufumba macho. Alitaka mti utakaodumu, wenye unene wa kufaa kuchongwa alama, na mara nyingine alikosea jina. Hapo unageukia chavua iliyozama kwenye matope ya maziwa, tabaka juu ya tabaka. Nayo ina upendeleo wake: msonobari humwaga chavua nyingi inayopeperushwa mbali na upepo, ilhali miti inayochavushwa na wadudu huacha kidogo mno. Ukihesabu chembe bila kurekebisha, utaona msitu wa misonobari mahali palipokuwa na mchanganyiko. Barua za wasafiri ndizo za kuogopwa zaidi, kwa kuwa wengi waliandika ili kuwavuta wawekezaji na wahamiaji wapya. Vyanzo vitatu, na kila kimoja kinapotoka upande wake. Vikikubaliana, una jambo la kuandika.

Ndivyo alivyoweza kueleza habari za biva, mnyama wa mtoni anayejenga mabwawa kwa miti na matope. Biashara ya ngozi ilimmaliza, mabwawa yakabomoka kwa kukosa wa kuyatunza, maji yakatoka, na chini yakabaki matope meusi yenye rutuba. Hapo pakaota nyasi, na walowezi wakapata malisho ya ng'ombe wao bila kulipia jasho.

Baada ya kitabu hicho ilipita miaka 8 kabla ya cha pili. Nature's Metropolis kilitoka mwaka 1991 na kikapata tuzo ya Bancroft, inayotolewa kwa vitabu vya historia. Msomaji wa Tanzania ataelewa sura ya nafaka haraka kuliko Mmarekani wa leo. Zamani ngano ilisafiri kwenye magunia, na kila gunia lilibaki mali ya mwenyewe hadi linauzwa. Reli na maghala yenye mashine za mvuke vikabadilisha mambo: ghala lilipandisha nafaka kwa ndoo zilizofungwa kwenye mkanda, likaimwaga kwenye pipa kubwa, na ngano yako ikachanganyika na ya jirani. Utaidaije? Kwa stakabadhi. Mwaka 1856 Bodi ya Biashara ya Chicago iligawa ngano katika aina tatu, ili mwenye stakabadhi apewe kiasi kile kile cha aina ile ile, si punje zake mwenyewe. Anayejua mfumo wa stakabadhi ghalani kwenye korosho ameshalielewa.

Kilichoharibika mwanzoni kinafaa kukumbukwa. Aina zilitenganisha ngano kwa mbegu, si kwa usafi. Mkulima aliyepepeta na kukausha vizuri alilipwa sawa na aliyeleta ngano chafu yenye unyevu, basi hakuna aliyejisumbua tena, na jina la ngano ya Chicago likachafuka sokoni. Bodi ikalazimika kuongeza madaraja ya ubora na kuweka wakaguzi. Stakabadhi zilipoaminika zilianza kuuzwa zenyewe, hata za ngano isiyofika bado.

Sura hiyo ndiyo inayomjibu Frederick Jackson Turner, mwanahistoria mzaliwa wa Wisconsin aliyetoa Chicago mwaka 1893 hotuba yake maarufu kuhusu "frontier", yaani mpaka wa makazi ya walowezi. Kiswahili kinatubana kidogo hapa, kwani mpaka kwetu ni mstari kati ya nchi na nchi. Turner alizungumzia ukingo wa makazi, mahali palipokaribia watu 2 kwa maili moja ya mraba, yaani kilomita za mraba 2.6 hivi. Katika hesabu hiyo wenyeji wa asili wengi hawakuingizwa, na hilo peke yake linatosha kuutilia shaka huo mstari. Turner alipanga hatua: mwindaji, mfanyabiashara, mfugaji, mkulima, na mji mwishoni. Cronon alionyesha kwamba mji ulikuwepo tangu mwanzo, ukikopesha na kununua, na ukingo ulikua pamoja nao. Hata hivyo hakumtupa Turner. Alirudi Madison mwaka 1992 kukalia kiti cha uprofesa chenye jina la Turner. Naheshimu sana namna hiyo ya kubishana na mzee aliyekutangulia.

Insha yake ya 1995 kuhusu pori ilimletea ugomvi na wapenzi wa hifadhi. Alisema pori tupu, lisilo na mtu, ni wazo lililotengenezwa, na kwamba huko Marekani wenyeji waliondolewa kwanza ndipo mgeni akaoneshwa ardhi "isiyoguswa". Walimsoma kana kwamba anapinga hifadhi, wakati alikuwa akitaka waupende pia mti wa uani. Kwetu hoja hiyo haihitaji tafsiri: Wamaasai walihamishwa Serengeti mwaka 1959, eneo la Ngorongoro likatengwa, na picha za watalii zikabaki na nyumbu tu.

Aliongoza Chama cha Wanahistoria cha Marekani mwaka 2012. Kwa anayetaka kufanya kazi ya aina hii hapa nyumbani, vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza ni mahali pazuri pa kuanzia. Soma kwanza mwandiko na tarehe kabla ya maneno, ujue ni bwana shauri (mkuu wa wilaya wa kikoloni) yupi aliyeandika na yupi aliyenakili tu, kisha tafuta chanzo cha pili chenye upendeleo tofauti.