Djúpalónssandur, Ufuo wa Mawe Meusi

Ndugu zangu mlioko Iceland, hasa mnaomaliza mwaka mzima kati ya nyumba, kazi na basi la Reykjavík, nawasihi mwende Djúpalónssandur. Ni safari ya kilomita kama 200 kutoka Reykjavík. Mkishapita Borgarnes mnashika barabara namba 54, halafu ile ya 574 inayozunguka ncha ya rasi ya Snæfellsnes, chini ya Snæfellsjökull, volkano ya mita 1,446 yenye barafu juu yake.

Kutoka maegesho unashuka kwa miguu katikati ya kuta za lava iliyoganda, kisha ufuo unafunguka mbele yako. Mchanga hakuna. Ni mawe matupu, meusi, yaliyosuguliwa na mawimbi mpaka yakawa mviringo na laini. Wimbi likirudi nyuma linayavuta, nayo yanabingirika kwa kishindo kinachosikika hata upepo ukiwa mkali. Mguu unazama kila hatua, kwa hiyo vaeni viatu vigumu vinavyoshika kifundo.

Juu ya mawe hayo kuna vipande vya chuma vilivyoliwa na kutu, vimetawanyika eneo kubwa. Ni mabaki ya Epine, meli ya uvuvi iliyotoka Grimsby, Uingereza, ikavunjikia hapa tarehe 13 Machi 1948. Walikufa watu 14. Watano waliokolewa na watu wa vijiji vya jirani. Vyuma vimeachwa palepale kwa ajili ya kumbukumbu yao, na inaniuma kuona mtu amepandisha mtoto juu yake ili apige picha. Tupite pembeni, kama tunavyopita makaburini.

Lakini kilichonishika zaidi ni mawe manne makubwa yaliyo karibu na njia. Wavuvi wa zamani walipimia nguvu kwa mawe haya. Kubwa kabisa, Fullsterkur, lina kilo 154. Hálfsterkur lina 100, Hálfdrættingur 54, na dogo, Amlóði, 23. Kijana aliyetaka nafasi kwenye mtumbwi wa makasia alitakiwa angalau ainue Hálfdrættingur. Akishindwa, hapati chombo, na bila chombo hapati riziki.

Nilisimama hapo muda mrefu. Mimi nakula kwa sababu ya samaki: nafanya kazi kiwandani, nasafisha na kupanga minofu, zamu baada ya zamu. Samaki ananifikia akiwa ameshakatwa kichwa, juu ya mkanda unaotembea, chini ya taa. Bahari aliyotoka nilikuwa siijui. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini wenyeji, hata wa mjini ambao hawajawahi kuvua, wanaizungumzia kwa heshima kubwa namna ile. Na mtu yeyote aliyewahi kufika ugenini akasubiri kuambiwa kama anafaa kazi au hafai, atayatazama mawe yale kwa jicho la pekee.

Mkiwa na nguvu, endeleeni kwa miguu kupita juu ya mwamba hadi Dritvík, ghuba ya jirani. Leo hakuna mtu anayeishi pale. Kwa karne tatu, tangu ya 16 hadi ya 19, palikuwa kituo kikubwa cha uvuvi, na msimu ukichanganya walikaa wavuvi mamia. Maji ya kunywa yalikuwa shida Dritvík, hivyo waliyafuata huku Djúpalónssandur, kwenye madimbwi mawili yaliyozungukwa na lava.

Mambo mawili nawaomba sana. Msiingie majini, na msiwageuzie mawimbi mgongo, maana mkondo wa hapa unavuta kwa nguvu na wimbi moja huja kubwa kuliko yaliyotangulia bila dalili yoyote. Pia msichukue jiwe hata moja. Hii ni hifadhi ya taifa tangu 2001, kuchukua mawe ni marufuku, na ufuo wenyewe si mkubwa. Kila mgeni akitia moja mfukoni, watakaokuja baadaye watakuta nini?

Nendeni kiangazi, siku ambayo utabiri wa upepo ni mzuri. Mwenye gari akiwa na nafasi Jumamosi aniambie, nitachangia mafuta, nataka kurudi.