Taa za Ufukweni Watamu: Nilivyozishusha, Kuzifunika na Kuzibadilisha Rangi

Nasimamia nyumba ndogo ya wageni Watamu, kwenye ile safu ya majumba yanayotazamana na bahari, na hakuna kazi iliyonichukua moyo hapa kuliko kupunguza taa. Nilipokabidhiwa nyumba nilikuta taa sita za LED, kila moja wati 50, zimepachikwa juu ya ukuta na kuelekezwa ufukweni, nyeupe pe. Wengi wetu Kenya ndivyo tunavyouelewa usalama: mulika mwizi. Taa ikiwa kali umelindwa, ukiizima umejianika. Leo ukuta huo hauna hata taa moja juu yake, hatujaibiwa, na walinzi wetu hawataki kusikia habari ya kuzirudisha. Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye nyumba, hoteli au duka karibu na bahari.

Kilichonisukuma ni kiota. Miezi ya kusi, upepo wa kusini unapovuma, ndiyo kasa, yaani kobe wa baharini, hupanda zaidi kutaga kwetu, na wengi wao ni kasa wa kijani. Mmoja alitaga chini ya mvinje ulio mbele ya geti letu. Mayai huchukua takribani siku 50 hadi 60, kwa hiyo tulikuwa tunahesabu. Alfajiri moja mlinzi akanigongea dirisha: "Kaka, amka. Watoto wametoka, lakini wameenda kubaya."

Mambo yakienda sawa, kila mtoto wa kasa huacha mchangani mstari mwembamba kama mshono wa cherehani, na mistari yote hutoka kwenye shimo na kuteremka moja kwa moja hadi maji, imekaribiana. Asubuhi ile mistari ilitoka shimoni ikatawanyika. Michache ilishuka baharini. Mingi ilipinda ikapanda juu, ikaufuata ukuta wetu, ikazunguka chini ya taa mara mbili tatu, kisha ikakatika. Pale ilipokatika palikuwa na mashimo ya kaa, na kunguru walikuwa wameshafika. Waliobaki hai tuliwakuta kwenye mtaro wa bafu la nje, wamejaa mchanga machoni, makasia yao bado yanapiga.

Nikataka kujua kwa nini. Mtoto wa kasa hutoka mchangani usiku na hana mama wa kumwongoza. Anachojua ni kuelekea upande wa upeo wa chini ulio na mwanga zaidi, na kuukimbia upande wenye kivuli kirefu. Kwa miaka mamilioni hesabu hiyo haikumdanganya, kwani bahari huakisi mwanga wa nyota na mwezi, na nyuma ya ufukwe kuna matuta na miti myeusi. Macho yake huvutwa zaidi na mwanga wa buluu na kijani, na LED nyeupe zina buluu tele ingawa sisi hatuioni. Zaidi ya hapo, anatoka na akiba ya kiini cha yai tumboni, na akiba hiyo ndiyo nguvu ya kuogelea hadi kina kirefu. Akiitumia kuzunguka ukutani, hata ukimbeba ukamtia majini anaondoka amechoka. Watoto wa kasa wanaofikia utu uzima ni wachache mno, mara nyingi husemwa mmoja kati ya elfu, na jike huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kurudi kutaga. Kiota kimoja kikipotea, pengo lake linaonekana baada ya kizazi kizima.

Usiku wa giza la mwezi nilikwenda nikalala kifudifudi pale kilipokuwa kiota, kidevu mchangani, nikatazama kila upande. Nawaomba wenye nyumba wote wafanye hivi, hakuna kifaa kinachoshinda. Taa sita nilizitarajia. Sikutarajia kwamba ukuta wenyewe, uliopakwa chokaa, ungekuwa unang'aa kuliko bahari. Sikutarajia pia mwanga uliopanda chini ya makuti ya baraza, balbu ya choo cha juu isiyo na pazia, na taa ya jirani inayopenya kati ya minazi. Bahari ilikuwa rangi ya majivu tu, hafifu. Ningekuwa mimi ndiye mtoto wa kasa, ningepanda juu vilevile.

Kabla ya kugusa swichi nikazungumza na mlinzi, maana yeye ndiye anayekesha. Akaniambia neno la haki kabisa: "Kaka, kasa namhurumia, lakini giza likizaa mwizi nitaulizwa mimi." Tukakubaliana kufanya jaribio. Taa zote zikiwa zinawaka, tukamtuma kijana wa bustani atoke nje asimame popote apendapo karibu na ukuta. Mlinzi akatazama kutoka kibandani, akatembea, akarudi, hakumwona. Kijana alikuwa amesimama wima nyuma kidogo ya duara la mwanga. Kisha tukazima zote, tukaketi gizani kama nusu saa tukipiga soga, halafu kijana akajificha upya. Mlinzi hakuchukua muda: "Yule pale, ameegemea mvinje." Akanyamaza kidogo, akasema, "Wallahi, taa ndiyo ilikuwa inamficha."

Na ndivyo ilivyo. Taa kali ikikupiga machoni, mboni hujibana, na kila kilicho nje ya mwanga kinakuwa cheusi tii. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na kila ukitupia macho taa ile unaanza upya. Mwizi anayekuja kutoka ufukweni alikuwa anatuona sote barazani, sisi hatumwoni. Hoja hii ndiyo iliyonisaidia baadaye kwa majirani kuliko habari ya kasa.

Kazi yenyewe ikaenda hivi. Taa za juu ya ukuta tuliziteremsha zote. Badala yake tukafunga taa ndogo za wati 7 chini, kimo cha goti, upande wa ndani wa ukuta, zinazomulika njia na si mchanga. Fundi wa mabati akatukatia kofia za kufunika kila taa juu na upande wa bahari, tukazipaka ndani rangi nyeusi isiyong'aa ili mwanga usirudi ukutani. Kofia ya kwanza ilikuwa fupi. Ukilala mchangani balbu bado inaonekana. Kanuni ni kwamba balbu yenyewe isionekane kutoka popote mchangani, kwa aliyesimama na kwa aliyelala. Chokaa ya upande wa ufukweni tukaibadilisha kwa rangi ya udongo. Taa za geti tukazitia sensa ya mwendo, ziwake mtu akipita na kuzima baada ya muda mfupi. Madirisha yote ya baharini yakapata mapazia mazito, na wageni tunawaomba wayafunge magharibi ikiingia.

Rangi ya taa ndiyo iliyonisumbua. Kwenye boksi la balbu kuna namba yenye herufi K: 6500K ni ile nyeupe yenye buluu nyingi, 2700K ni ya manjano. Ya manjano ni nafuu kwa binadamu, lakini kwa kasa haitoshi. Kule Florida, Marekani, ambako kasa hutaga kwa wingi na sheria za taa za ufukweni zipo, wanataka taa ambazo mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 560 kwenda juu, yaani rangi ya machungwa au nyekundu tupu. Madukani Malindi nilizikosa, nikaagiza Mombasa. Tahadhari: balbu nyeupe iliyopakwa rangi ya machungwa kwa nje si kitu kimoja na hiyo; rangi ikipauka, buluu inapita.

Mama mwenye nyumba yuko Nairobi, na yeye nilimwendea kwa hesabu. Taa sita za wati 50 kwa saa 12 ni yuniti 3.6 kila usiku, karibu 108 kwa mwezi. Taa sita za wati 7 kwa saa zilezile ni kama yuniti 15. Akaniuliza jambo moja tu: wageni wataonaje chakula? Barazani tukaweka taa za manjano zilizoinamia meza, na hapo tukapata faida ambayo sikuipangia. Zamani wadudu walikuwa wanamwagika kwenye sahani, mijusi kafiri wamejaa darini wakivizia. Wadudu wengi huvutwa na buluu ileile inayowapoteza kasa, kwa hiyo walipungua sana, na wageni wakaacha kulalamika juu ya mbawa kwenye supu.

Mambo haya hayaishii kwa kasa. Wavuvi wa dagaa Unguja, na wa omena kule Ziwa Victoria, wanajua kwamba mwezi ukijaa taa haivuti samaki, ndiyo maana huvua giza la mwezi. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, usiku wa ukungu usio na mwezi, ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa za loji kwa wingi kiasi kwamba tangu 1969 wataalamu huenda pale kuwanasa, kuwavisha pete na kuwaachia.

Na binadamu naye ana saa ndani ya mwili. Ndani ya jicho zipo seli zisizohusika na kuona, kazi yake ni kuujulisha ubongo kuwa ni mchana, na buluu ndiyo inayozichochea zaidi. Zikichochewa usiku, mwili huchelewa kutoa melatonini, homoni ya usingizi, na usingizi unasogea. Waliofumbua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe hai, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Linalonigusa mimi zaidi ni walinzi. Mwaka 2007 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka kazi ya zamu za usiku inayovuruga saa ya mwili kwenye kundi la mambo ambayo yaelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2019 likabaki na uamuzi huohuo. Tunazungumza sana juu ya kasa na tunamsahau mtu anayekesha mlangoni kwetu. Kwa hiyo tulikiziba chumba cha walinzi, mapazia meusi na mlango usiopitisha mwanga, walale mchana kama usiku. Kibandani wana taa nyekundu ndogo ya kuandikia kitabu cha wageni. Mlinzi wetu anasema kichwa kilichokuwa kinamgonga kila asubuhi kimemwachia.

Viota vilivyofuata mbele yetu nyayo zake ziliteremka baharini, isipokuwa kimoja kilichovutwa na taa ya jirani wa kusini. Huyo nilimwalika tulale naye mchangani, mtu mzima na kanzu yake, na hakukataa. Taa mbili ameshazigeuza. Ya tatu iko juu ya tangi la maji, anasema ataiteremsha fundi akipatikana, na kofia yake ya bati nimeshamtengenezea. Taa ya barabara inayoishia kwenye njia ya ufukweni bado inawaka nyeupe usiku kucha; barua tumeiandika majirani wote kwa pamoja, na tunachoomba si kuizima bali kuifunika upande mmoja.