Kasoro Zinazotunza Kumbukumbu

Mwisho wa mwezi umefika, na beji za mionzi za idara yetu ya eksirei zimekusanywa zikasomwe. Ndani ya beji mna kipande cha fuwele ya floridi ya lithi, kidogo kuliko ukucha, na kila ninapoivaa kifuani hunivutia kwamba kazi yote ya kipande hicho hufanywa na kasoro zake.

Fuwele safi kabisa, ambayo kila atomi imekaa mahali pake, isingetufaa. Ndiyo maana watengenezaji huitia magnesi na titani kidogo, ili mpangilio wake uwe na mapengo na wageni. Mionzi ipitapo hung'oa elektroni. Nyingi hurejea papo hapo, lakini baadhi hunaswa kwenye kasoro na kubaki humo, kama maji ya mvua yanavyotuama katika mashimo ya barabara hadi jua likolee. Fuwele ikipashwa moto hadi nyuzi 200 hivi za Selsiasi, elektroni huchomoka na kutoa mwanga hafifu wa buluu, na kwa wingi wa mwanga huo tunajua mtu amepokea mionzi kiasi gani.

Linalonigusa zaidi liko Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi, alimozikwa mtoto ambaye hata miaka minne hakuifikisha. Watafiti walimwita Mtoto. Mifupa yake ilikuwa dhaifu mno hata ikabidi ichimbuliwe pamoja na udongo wake, ikafunikwa plasta na kuletwa hapa Nairobi, na mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kaburi hilo lina umri wa miaka 78,000 hivi. Waliotoa ushahidi wa umri huo ni chembe za udongo wa pangoni. Chembe zikiwa juani, mwanga huziondolea elektroni zilizonaswa; zikifukiwa, mionzi ya urani, thori na potasiamu ya ardhini huanza kuzijaza tena, polepole, mwaka hadi mwaka, hadi mtu azichukue gizani na kuzimulika maabarani.

Nafasi za kunasia elektroni, hata hivyo, zina kikomo. Zikishajaa, mionzi ya ziada haiongezi kitu, kwa hiyo penye mionzi mingi ardhini chembe hujaa mapema, na mtafiti huweza kusema tu kwamba udongo ule haupungui umri fulani.