Tope la Siyu

Nahodha aliniahidi kwamba tungeng'oa nanga Lamu saa moja asubuhi. Injini iliwashwa saa tatu, kwa sababu alikuwa akingoja magunia ya unga ya mfanyabiashara mmoja na abiria wawili ambao sikuambiwa habari zao. Nilikuwa nimeshamlipa shilingi elfu nane za Kenya, tukakubaliana mashua ni yangu peke yangu. Mimi ni mtu wa Kilwa, na kila nilipozigeuza hela hizo kuwa za Tanzania, roho iliniuma upya.

Mombasa nilishakaa siku mbili. Fort Jesus inajulikana, sina haja ya kuieleza sana: Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na Waomani wakaizingira tangu 1696 hadi Desemba 1698. Kuta zile nene hazikuwasaidia waliokuwa ndani. Njaa na maradhi viliwamaliza kabla ya mizinga. Baadaye Waingereza waliifanya jela, kuanzia 1895 hadi 1958. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa jela hadi 1984. Nilizunguka humo asubuhi moja, jua kali, nikanunua maji kwa bei ya mgeni.

Niliyoitaka hasa ni ngome ya Siyu, mji wa kisiwani Pate.

Saa tano tukaingia kwenye mkono wa bahari unaoelekea mjini. Mikoko huku, mikoko kule, na maji yanapungua mbele ya macho yetu. Nahodha akaanza kupima kina kwa upondo. Akapunguza mwendo. Kisha mashua ikakaa, polepole kabisa, kama mtu mzima anayeketi mkekani. Mmoja wa wale abiria akashuka ili asukume, akazama hadi mapajani, na kumtoa ikawa kazi ya watu watatu. Kiatu chake kilibaki humo.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia nahodha kwamba tungeondoka kwa ahadi, sasa hivi tungekuwa tumeshashuka. Hakubisha. Alinikatia kipande cha mkate wa mofa, akasema, "Mwanangu, mai haya ndiyo yaliyowakinga wazee wetu. Leo yamekushika wewe, yalishika na wakubwa." Kwetu tunasema maji, yeye mai, na neno lile dogo likanipooza.

Tulikaa pale saa sita nzima. Kaa wekundu wakatoka mashimoni, tope likaanza kunuka, magunia yakafunikwa turubai na sisi tukabaki juani. Ndipo nikaelewa jambo ambalo hakuna kibao cha makumbusho kilichowahi kunionyesha. Katika miaka ya 1840, Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alileta jeshi kumtiisha Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Alikuwa na merikebu, na pwani nzima ilikuwa ikimwogopa. Lakini merikebu haipiti pale. Jeshi likashukia Faza, mji mwingine wa kisiwa hicho, likafuata njia ya nchi kavu, na watu wa Siyu wakalivizia vichakani na kulipiga. Siyu haikushikwa hadi 1863, wakati wa Sultani Majid. Mji wa mafundi wa ngozi, wachonga milango na wanakili wa misahafu ulimtoa jasho mwenye manowari! Nilikuwa nimesafiri siku nyingi nikihesabu kuta na minara, kumbe nilikuwa nimekalia ngome yenyewe, nami nimeifokea tangu asubuhi.

Nikawaza nyumbani. Kilwa Kisiwani, jengo linalokupokea ukishuka mashuani tunaliita Gereza. Neno hilo asili yake ni la Wareno, igreja, yaani kanisa. Walijenga boma hapo mwaka 1505 na kuondoka 1512, na kuta tunazoziona leo nyingi ni za Waomani wa karne ya 19. Limesimama wazi ufukweni, na bahari imeshamega sehemu yake. Utotoni tulipapita tukienda kuvua, hatukugeuza hata shingo. Nilimuuliza nahodha majina ya miti iliyotuzunguka. Akanionyesha mkoko, mchu, mkandaa, kila mmoja na kazi yake, na mizizi yake inavyoshika udongo usiende.

Saa kumi na moja jioni mashua ikatikisika, ikaelea.

Ngome niliiona kwa muda wa nusu saa tu, mawe ya matumbawe na chokaa, jua likizama nyuma ya mikoko. Nahodha alikuwa akinipigia kelele kutoka gatini: maji yamejaa, twende, yakipwa tena tutalala humo. Akaongeza shilingi elfu mbili za kurudi usiku. Nikampa. Njiani nilimwomba apunguze mwendo palepale tulipokwama, nikauchovya mkono majini kutafuta tope. Sikulifikia.