Andika "Ijumaa tu"

Bahasha ya dawa iliandikwa 4x1. Nikaisoma kama ninavyosoma bahasha zote: vidonge vinne, mara moja kwa siku. Nikameza siku nne mfululizo. Siku ya tano mdomo umejaa vidonda, hata uji haupiti.

Ilikuwa methotreksati. Kwa baridi yabisi ya viungo humezwa mara moja kwa WIKI. Ukiimeza kila siku inazuia uboho wa ndani ya mifupa kutengeneza damu, na inaweza kuua. Nililazwa, nikapewa dawa ya kuizima makali. Muuguzi mmoja akavuta kiti akakaa, akaniuliza, "Dada yangu, ugonjwa wako umewahi kuelezwa?"

Sikuwahi. Miezi minane nilikuwa naambiwa ni baridi tu, eti kwa kuwa nakanda unga wa maandazi alfajiri na kuosha vyombo kwa maji ya baridi.

Akanieleza kwamba kinga ya mwili wangu inashambulia utando wa ndani wa viungo. Kumbe ndiyo sababu vidole vya mikono yote miwili vilivimba pamoja, na asubuhi vilikakamaa zaidi ya saa nzima! Ukiachwa, ugonjwa unakula mfupa, vidole vinapinda moja kwa moja. Damu yangu ilipokaa sawa, daktari akanirudishia dawa ileile. Nilikubali, maana sasa naijua.

Siku yangu ni Ijumaa usiku, nimeizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni. Asidi ya foliki, vitamini ya kupunguza madhara ya dawa hii, nameza Jumatatu, ndivyo nilivyopangiwa. Tarehe za kupima damu na ini sikosi, wala sindano ya uzazi wa mpango, kwa sababu dawa hii inaharibu mimba.

Wiki sita za mwanzo sikuona nafuu. Nilikwishaambiwa inachelewa, nikavumilia. Wiki ya tisa nilimfunga mwanangu vifungo vya shati la shule, vyote, mwenyewe. Nililia.

Unga sasa anakanda mdogo wangu. Sufuria nabeba kwa mikono miwili, uzito ukae viganjani badala ya vidoleni. Mbuzi ya nazi nimeiweka kando, nanunua iliyokwisha kukunwa.

Na kila nikichukua dawa, siondoki dirishani kabla hawajaandika kwenye bahasha kwa herufi kubwa: IJUMAA TU.