Kazi ya Jikoni Mbele ya Majaji

Kila ninapomwona shangazi akikuna nazi alfajiri, huikumbuka kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983. Kabla ya hapo majaji walivutana kama kazi za nyumbani zina thamani mke anapoachwa. Mahakama ikakisoma kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, inayowahusu Waislamu pia, ikatamka kwamba kazi hizo ni mchango katika kuchuma mali. Ajabu ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao wa nyumba, kwa kuwa alionekana amezitapanya fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia biashara. Mizani hiyo bado inanisumbua.